Pembe ya Ng'ombe wa Lipingo

Kijiwe chenyewe kiko Lipingo, pale njia ya kanisani inapokutana na njia ya ziwani, mbele ya jiko la Mama Erasmo. Kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho hunywa kahawa ameinama kama anaungama. Mimi ni Mmatengo wa Mkumbi, huko juu milimani. Hushuka na kahawa, hupanda na dagaa, na hapa wananiita Mlima. Nasema mapema msije mkadhani nina chuki: Wanyasa wa hapa ziwani ni watani zangu, na kahawa wanayokunywa nimeilima mimi. Lakini alasiri ile walinichosha mpaka nikatamani kuwauzia majivu.

Walikuwa wanabishana nani amevunja pembe ya Ng'ombe. Ng'ombe ni jiwe. Amelala ufukweni, mkubwa kuliko kanisa, kichwa ameelekeza ziwani, na kichwani alikuwa na pembe moja iliyosimama wima. Mwaka jana walikuja wataalamu wa miamba, wakamgonga kwa vinyundo vyao, wakasema ni mzee kuliko ziwa lenyewe, na kwamba akitunzwa vizuri ataingizwa kwenye urithi wa nchi. Lipingo wakalewa sifa. Wakaunda kamati, wakapanga Sherehe ya Ng'ombe, wakajenga jukwaa la wageni na bango la zege lenye picha yake. Wageni wanakuja Jumamosi hii. Jumatatu watu wameamka, pembe iko majini.

Aliyeanza ni Redio. Jina la ubatizo ni Hamphrey, ila hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia.

Redio: Ni radi. Mimi mlio niliusikia.

Askofu: Radi ya wapi? Mvua ya mwisho unaikumbuka?

Redio: Radi kavu. Zipo.

Huyo Askofu ni Urbani, mpiga kengele mstaafu wa kanisa. Hana daraja lolote, ana methali tu, na anazigawa bila kuangalia nani ana njaa ya nini.

Askofu: Mimi nasema hivi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mimi: Jiwe lilikataa kusikia la mkuu gani?

Askofu: Nimeshasema, Mlima. Tafakari.

Injinia: Acheni mambo ya radi. Mimi fundi. Granaiti ile haivunjwi na radi, pale kuna mkono wa mtu.

Injinia ni Cuthbert, mwashi. Yuko kwenye kamati, na jukwaa kalijenga yeye.

Redio: Mkono wa nani?

Injinia: Wajerumani. Mnadhani walipokuwa wanazunguka ziwa hili na meli zao walikuwa wanavua dagaa? Kuna kitu walificha ndani ya pembe.

Mimi: Wajerumani wameondoka zaidi ya miaka mia, Injinia.

Injinia: Wana wajukuu.

Redio: Hapana, hapana. Nimepata sasa. Ni ng'ambo! Malawi. Kila siku wanasema ziwa lote lao. Wamesikia tuna Ng'ombe anakwenda kuwa urithi, wao hawana, roho ikawauma. Wamekuja na kamba, wakafunga pembe kwenye boti, wakavuta.

Askofu: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo inahusiana na nini?

Askofu: Na wageni.

Injinia: Kwa boti huwezi. Labda kwa kitu kilichoko chini ya maji. Nyie hamjui kina cha ziwa hili. Kuna vitu huko chini vinasukuma.

Redio: Vinasukuma, ee! Mimi hata juzi nilihisi benchi linatikisika.

Mimi: Benchi lina mguu mfupi, Redio.

Mama Erasmo alikuwa anamimina kahawa muda wote huo. Jina lake Vitalia. Mwanawe Erasmo anavua dagaa usiku kwa taa. Pembe ilipoanguka yeye alikuwa ziwani. Alfajiri amerudi, ukungu umekaa, akaitafuta pembe hakuiona, mtumbwi ukapanda mwamba na kupasuka. Alitoka akiogelea, mkono umechanika.

Mama Erasmo: Mmemaliza?

Akaliweka birika chini.

Mama Erasmo: Tangu babu yangu, mvuvi wa hapa anapita mlango mmoja tu kati ya miamba. Akirudi anaangalia pembe. Pembe ikiufunika mnara wa kanisa, anakata kushoto, anaingia salama. Mwanangu ameitafuta hiyo pembe na macho yake yote mawili. Na nyie mnaniambia Wajerumani!

Askofu: Dada Vitalia, mwenda pole hajikwai.

Mama Erasmo: Urbani, nyamaza! Cuthbert, nani alisema kila kaya ilete debe la kokoto za jukwaa?

Injinia: Kamati.

Mama Erasmo: Wewe si kamati?

Injinia: Tulisema zitoke mtoni. Tulitamka kabisa, mtoni.

Mama Erasmo: Nani alikwenda mtoni? Redio, ulikwenda?

Redio: Mtoni kuna mlima, mama. Na debe kichwani...

Hapo nikaelewa, na nadhani hata wao walikuwa wanaelewa tangu Jumatatu. Mto uko mbali. Ng'ombe yuko pembeni ya jukwaa, amelala, hasemi. Watu wakapanga kuni shingoni mwake, chini ya pembe, wakawasha moto, mwamba ulipopata joto wakamwagia maji ya ziwa, ukalia paa! ukapasuka. Wakagonga, wakajaza madebe, wakayabeba hatua chache mpaka kwa Injinia, wakaandikwa kuwa wananchi wema.

Redio: Lakini sisi tulichukua kidogo tu. Tena nyuma, pasipoonekana.

Askofu: Na sisi kidogo. Chini ya shavu.

Injinia: Kila mtu alichukua kidogo. Kwa hiyo huwezi kusema kuna aliyevunja.

Mama Erasmo: Na wewe Askofu, si ndiye uliyesimama mkutanoni ukasema bandu bandu huisha gogo, watu wakakupigia makofi?

Askofu: Nilikuwa nawatia moyo wachange.

Nimesikia methali nyingi katika maisha yangu, lakini iliyotiiwa namna ile sijaiona. Nikashindwa kukaa. Nikawaambia, jamani, sisi huko juu Mungu ametupa mteremko ambao mbuzi anaupanda kwa kuomba. Wazee wetu wakachimba ngolo, mashimo mlima mzima, ili mvua isiondoke na udongo, na mpaka leo tunachimba na migongo inatuuma. Nyie mmepewa jiwe. Haliombi maji, haliombi palizi. Kazi yenu ilikuwa kuliacha! Mnawezaje kushindwa kazi ya kuacha?

Redio: Maneno makali hayo, Mlima. Na wewe umekunywa kahawa jukwaani juzi.

Mimi: Nimeileta mimi!

Mama Erasmo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kitambaa cha birika amekishika machoni.

Mama Erasmo: Usiwaseme wao tu. Debe langu nami lilitoka pale pale. Kuni zilikuwa zangu. Nilisema, jiwe lote hilo, debe langu litapunguza nini? Nimemvunjia mwanangu njia kwa mikono yangu.

Tukatazama chini. Ungedhani kwa muda mfupi kwamba kijiwe kimepata akili. Lakini Injinia akakohoa.

Injinia: Hakijaharibika kitu. Nimefikiria. Tunajenga pembe ya zege. Nondo mbili, saruji, tunapaka rangi ya jiwe, Jumamosi wageni hawatajua.

Mimi: Kokoto?

Injinia: Aa, hizo kamati itaomba tena. Debe moja tu kila kaya.

Naapa alisema hivyo, na uso wake mkavu. Redio akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo Erasmo akatokea njia ya ziwani. Wavuvi hulala mchana, kwa hiyo kijiweni hajawahi kukaa. Mkono umefungwa kitambaa, bega la pili amebeba betri ya taa. Mtumbwi ulikuwa umezibwa, na usiku ule anaingia ziwani.

Erasmo: Shikamooni wazee.

Sote: Marahaba.

Wakamsogezea nafasi, tena upande wenye mguu mzima. Hakukaa.

Erasmo: Nimesikia mko hapa tangu mchana mnazungumzia pembe, nikasema nipite niulize. Kesho alfajiri nikirudi, niangalie nini?

Redio akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Injinia akaligeukia bango lake, pale Ng'ombe amechorwa na pembe yake nzuri nyeupe, kisha akaona aibu akageuka. Tukamtazama Askofu. Methali zilikuwa zimemwishia. Kijana akasimama anasubiri kwa adabu, akidhani wazee wanatafakari.

Mama Erasmo akanyanyuka. Akamwaga kahawa yote motoni, moshi ukatufunika. Akaanza kufunga kuni kwa kitenge chake cha zamani.

Mama Erasmo: Utaangalia moto, baba. Nitakaa pale juu ilipokuwa pembe, kesho, na kesho kutwa, na siku zote utakazokwenda. Moto ukiufunika mnara, kata kushoto.

Erasmo: Mama, pale kuna upepo.

Mama Erasmo: Nenda kavue.

Akajitwika kuni akashika njia ya ziwani, mwanawe nyuma yake na betri. Tukabaki na vikombe vitupu. Nikamtazama Redio, nikidhani huyu sasa atanyanyuka angalau akamsaidie mzigo.

Redio: Sasa kahawa ya asubuhi tutakunywa wapi?