LaVonne Tveit na Kona ya Zamani ya Namba 19

LaVonne Tveit, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani katika karakana yetu ya kaunti, anastaafu tarehe 30 Aprili baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Miaka yote hiyo aliitumia kwenye barabara moja, Namba 19, kutoka mjini Lorring hadi Ziwa Pike. Mara mbili wakubwa walitaka kumhamisha. Alikataa, kwa maneno ambayo mhariri wetu hataki kuyachapa.

Namba 19 ilianza kama njia ya mikokoteni ya maziwa. Ilikwepa kinamasi, kisha ikapinda kulizunguka kanisa la Walutheri, maana wakulima wa enzi hizo hawakuwa na haraka. Baadaye ikamwagwa zege vipande vipande, na magurudumu yakawa yanadunda kwenye kila kiungo: du-dum, du-dum. Mashamba ya mahindi yakageuka nyumba na maduka, magari yakajaa, ajali zikazidi pale kanisani. Kiangazi cha 1998 kaunti ikainyoosha. Lami mpya ikapita moja kwa moja, kona ya zamani ikazibwa kwa vizuizi vya mbao, na daraja lake dogo likabomolewa.

Mikono ya LaVonne haikupewa taarifa.

Januari iliyofuata ikaja dhoruba nzito, huoni hata koleo la chuma lililo mbele ya gari lako. Siku kama hizo watu wa huku hawatafuti barabara. Wanatafuta taa za gari la theluji na kuzifuata. Nyuma ya LaVonne alikuwa Arlo Sobotka na basi la shule lililojaa watoto. Mimi nilikuwa karakanani kwenye redio ya upepo, nikawasikia.

"Dada, mbona tunadunda hivi?" Arlo aliuliza.

"Si tunadunda siku zote hapa? Umeanza lini kulalamika?"

Mara ikaja sauti ambayo sijaisikia tena kwake: "Arlo, simama! Usisogee hata kidogo! Lami mpya haidundi."

Alikuwa ameikata kona ya zamani kwa mazoea, na koleo lake lilikuwa limevipitia vizuizi vilivyofukiwa na theluji. Mbele yake, umbali wa gari moja dogo, daraja halikuwepo.

Gari lake halikuweza kugeuka, basi lilikuwa limemzibia nyuma. Ilibidi Arlo arudi kinyumenyume bila kuona kitu. LaVonne akashuka na tochi, akatangulia nyuma ya basi, akiipapasa zege kwa buti na kugonga bati la basi kila lilipokwenda upande. Alijua vizuri kwamba dereva yeyote aliyeziona taa za gari lake angeweza kuja kwa kasi na kumkuta yeye kwanza. Mimi nilimwita redioni na hakuna aliyejibu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na hita.

Hatimaye Arlo akasema, "Tuko kwenye lami. Watoto wote wazima. Huyu mama anatetemeka, leteni kahawa, na isiwe ile ya kwenu."

Kwenye mkutano wa wazazi, wengi walikuwa tayari kuilaumu theluji. LaVonne alisimama akasema, "Theluji haishiki usukani. Mimi ndiye niliyewapeleka kule." Hakukaa chini mpaka kaunti ilipokubali kuing'oa zege yote ya kona ile. Baadhi ya wazazi walimtaka Arlo asimfuate tena. Dhoruba iliyofuata, basi lake lilikuwa kanisani, likisubiri taa za LaVonne.

Tutakumbuka chapati zake za viazi kila Krismasi, na jinsi alivyowafokea waliosimika masanduku ya barua karibu mno na barabara. Lakini mimi nitakumbuka Ijumaa iliyopita. LaVonne alikuwa akifagia kwa mara ya mwisho mchanga uliomwagwa barabarani majira ya baridi, jua linawaka, barabara nyeupe kwa ukavu. Arlo, ambaye sasa ana mvi kichwa kizima, akiwa na basi tupu, alimkuta pale kanisani, akapunguza mwendo.

"Arlo, pita basi! Njia nyeupe hiyo!"

"Nipite niende wapi? Nakufuata wewe."

Akamfuata mwendo wa kinyonga mpaka ziwani.

Asante, LaVonne. Upumzike kwa raha na ule vizuri. Ukitazama kioo cha nyuma, sisi tupo.