Kimya cha Mwalimu Yakub

Wafiwa wenzangu, majirani, walimu, na nyinyi wageni wa serikali mliowekewa viti kivulini, mimi ni Farah, mpwa wa marehemu, nimetumwa na familia nisome maisha ya mjomba, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, maana mwenyewe alishukiwa vya kutosha akiwa hai.

Mwalimu Yakub Kotile alizaliwa Modogashe tarehe 4 Machi 1966, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari Garissa, kisha mwaka 1987 akaenda Nairobi kusomea ualimu, huko akakutana na viola, ala kubwa kidogo kuliko fidla na yenye sauti nzito zaidi, akarudi nayo mwaka 1990 ndani ya kasha jeusi ambalo halijawahi kupita kizuizi cha barabarani bila kufunguliwa. Pale Habaswein askari walimwambia, "Mwalimu, kama kweli ni muziki, hebu piga tusikie," naye kwa bahati mbaya akawapigia muziki wa kisasa wa viola, akakwaruza nyuzi, akagonga ubao, shaka ikazidi, wakamweka kando mpaka alipowapigia wimbo wa chekechea.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa Bi Qabale, aliyedhani kasha lile lina nguo, wakajaliwa Iftin na Bishar.

Mwaka 2014 alianzisha darasa la viola katika ukumbi wa shule aliyokuwa akifundisha, na hakuanza na nyimbo tamu, kwa kuwa shingo ya viola haina alama ya kumwonyesha mtu kidole kikae wapi, basi wanaoanza aliwapa muziki wa siku hizi, wa kukwaruza, kudonoa, kugonga na kunyamaza, mambo ambayo mtoto wa wiki ya kwanza darasani anayaweza, na waliosonga mbele akawaongezea sauti za kuteleza. Wazazi walishuku kwamba hajui kufundisha, na jirani yetu Siyad alishuku kuna mbuzi anateswa.

Februari 2024 alikuja mkaguzi, Bw. Keynan, kusikiliza kipande alichotunga marehemu, chenye kimya kirefu katikati, wanafunzi wakiwa wameinua pinde zao za kupigia, na hapo Bw. Keynan, akidhani wamekwama, akapiga makofi, akashukuru, akaenda zake, akaandika kwamba wanafunzi walisahau nusu ya wimbo, darasa lifungwe, ukumbi uwe stoo. Marehemu aliomba ukaguzi wa pili, akakubaliwa, ila shinikizo la damu lililomsumbua tangu 2019 likamzidi, akalazwa hapa Garissa, na kitandani alikuwa akimuuliza Arbia, mwanafunzi wake mkubwa, "Kile kimya mnakishika, ama mnakikimbiza?" Alifariki tarehe 9 Juni 2024. Ukaguzi ulikuwa umepangiwa leo, na ofisi imetuarifu kwamba kifo si sababu ya kubadilisha tarehe, kwa hiyo Bw. Keynan tunaye, karibu sana, kalamu tumeiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani, Siyad akiwemo, na askari wa kizuizini, ambao jana walilifungua kasha kama kawaida, na kwa mara ya kwanza wakalifunga wenyewe, polepole.

Sasa Arbia na wenzake watapiga kipande kile kile, na katikati watanyamaza, tafadhali msipige makofi, msiinuke, na kalamu isubiri, hawajasahau kitu.

Mjomba, wewe pumzika kwa amani, kimya tutakishika sisi.