Boga la Kuchonga

Ilikuwa mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo Wamarekani hula pai ya boga, na mvua zilikuwa zimeozesha maboga mashambani. Peoria nzima, mji unaojivunia maboga, haikuwa na kopo hata moja la boga lililopondwa dukani. Kwenye basi, mbele yangu, dada mmoja alikuwa amepakata boga kubwa kama mtoto mchanga. Bibi aliyeketi kando yake akalikodolea macho.

"Binti, hilo ni la kuchonga sura ya kutishia watoto. Ukilipika utapata maji na nyuzi."

"Nitalichuja, bibi. Baba anataka pai kama ya mama. Ni mwaka wa kwanza tangu mama afariki."

"Mama yako alitumia boga gani?"

"La kopo, miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua kopo. Nikichovya kidole, ananichapa na mwiko, halafu ananipa mwiko wenyewe nilambe."

"Kumbe unalilia kiwanda! Tafuta dogo, tamu, lioke, liponde, lichuje kwa kitambaa usiku kucha. La nyumbani linalishinda la kopo mara mia."

"Sitaki lishinde. Nataka lifanane."



Basi likasimama. Dada akainuka na boga lake.

"Tia mdalasini mwingi," bibi akasema. "Baba yako hatajua."

"Atajua," dada akajibu, akashuka.

"Basi na ajue! Atakula tu!" bibi akafoka, akikiambia kiti kitupu.