Sauti ya Marehemu

“Sufuria iligonga jikoni alfajiri, kisha mtu akakohoa kwa sauti nzito,” fundi cherehani alimwambia muuza mitumba aliyekaa naye basini. “Nikaitika, ‘Abee, mume wangu!’ Kumbe mwanangu, kabalehe. Sauti ya marehemu babake, tupu! Nikalia. Tangu hapo akanyamaza, mwisho akahamia kwa mjomba wake. Ndiko ninakotoka sasa.”

Mimi bibi kizee, nyuma yao, nilijifanya nimesinzia.

“Mrudishe, dada! Kukua ni kosa?”

“Na machozi yangu je? Si atanyamaza tena?”

Muuza mitumba hakukubali, ila alimpa leso yake.

“Leo ulipokwenda kumwona, alisemaje?”

“Alinijibu kwa kichwa tu.” Basi lilisimama, fundi akainuka. “Nilipoaga ndipo alipotoa sauti: ‘Mama, uje tena.’”