Kumuaga Mtunza Stoo Aliyemnyima Kaka Yake Shashi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Daktari Mkuu, wauguzi wenzangu, wapishi, wafuaji na walinzi wa hospitali yetu, ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada yetu mtunza stoo, unayejifanya unatafuta kitu kwenye mkoba ili tusikuone unalia: hamjambo nyote.

Mimi muuguzi mkuu nimepewa heshima ya kumuaga mtu ambaye wengi wenu hamlijui jina lake. Tunamwita Bi Tarehe, naye huitika. Ni nani hapa amewahi kunywa chai naye bila kumwona akiigeuza kwanza pakiti ya maziwa kutafuta tarehe ya mwisho? Nasikia hata kwenye harusi ya mwanawe, kabla ya kumkumbatia mkwewe, alizikagua chupa za sharubati. Namwona bwana harusi anainamisha kichwa pale nyuma. Basi ni kweli.

Mnaijua stoo yake, kile chumba kilichobanana na chumba cha kufulia. Kinachokaribia kuisha muda kilikaa mbele, kipya nyuma. Akiona hatutakimaliza, alikipeleka mwenyewe zahanati za jirani kabla tarehe haijapita. Kilichopitwa na tarehe kiliingia kwenye pipa jekundu lenye kufuli, kikasubiri kuchomwa tanurini.

Sasa nitasimulia la kaka yake, kwa ruhusa yake, maana mwenyewe ameketi safu ya pili.

Mwaka mmoja tuliletewa msaada wa shashi za kufungia vidonda, maboksi kwa maboksi, muda wake umebaki kidogo. Dada akagawa alizoweza. Zilizobaki zikapitwa na tarehe. Kaka yake, mwenye duka la dawa sokoni, akaja na mkokoteni kuziomba akaziuze. Nilikuwa nimefuata glavu pale dirishani, nikayasikia yote.

"Dada, mnachoma kitambaa kizima? Kwani kitambaa kinaoza?"

"Hakiozi, kaka. Pakiti ndiyo inayochoka. Ikilegea, uchafu unaingia na jicho haliuoni."

"Duka langu linayumba, nina watoto. Undugu ni kufaana."

"Ni kweli. Na atakayefungwa kidonda kwa hii naye ni ndugu wa mtu."

Kaka akageuza mkokoteni mtupu, akaondoka bila kuaga. Shashi zilipochomwa, dada alisimama pale tanurini mpaka zikawa majivu, kisha akaniambia, "Nimemchoma na kaka yangu humo." Ni wangapi kati yetu wangemkatalia mtu waliyenyonya naye ziwa moja, kwa ajili ya mgonjwa wasiyemjua?

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa hawa wawili tungelima, tukavuna, tukalima tena, bado hawasemezani.

Kisha mama yao akalazwa wodini kwetu, ana sukari, na kidonda mguuni kimegoma kupona. Wanawe walipokezana kumuuguza: huyu akiingia, yule anatoka, salamu hakuna. Siku moja wakakutana nikiwa nasafisha kile kidonda. Nilipogeuka kuchukua pakiti ya shashi, nikakuta kaka ameshaishika. Akaisogeza penye mwanga, akaisoma, akabinya pembe zake moja moja kuona kama zimeshika. Hakunipa mimi. Alimnyooshea dada yake.

"Iko sawa, dada," akasema. "Hebu soma na wewe."

Dada akaipokea, akaitazama muda mrefu. Kwa machozi yale sijui kama aliona hata herufi moja. Mama yao, kutoka kitandani, akasema, "Wanangu, nifungeni mguu kwanza, mtasoma baadaye."

Mguu ulipona. Mama huyo hapo, ameketi katikati yao, na viatu amevaa vyote viwili.

Dada yangu, daktari akimponya mtu, mtu huyo hurudi kushukuru. Wewe umewakinga watu na madhara ambayo hayakuwapata, kwa hiyo hawajui waje kumshukuru nani. Wengine wamejifungua hapa, wengine wameshonwa hapa, wakaenda zao nyumbani wazima. Leo, kwa niaba yao wote, nasema tumekushukuru. Pumzika, cheza na wajukuu, na maziwa yao uyakague upendavyo.

Naomba sote tusimame tumpigie makofi. Nanyi mlionitegea masikio hadi mwisho, asanteni sana.