Dawa ya Jino la Tarumbeta

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia hawajawahi kushindwa na swali. Jioni hiyo walikutana kwa ajili ya jino. Jino lenyewe lilikuwa la Tarumbeta, mpulizaji wa bendi ya mtaa: la mbele, la juu, limeanza kutoboka pembeni. Tarumbeta hupulizwa kwa midomo, lakini midomo huegemea meno ya mbele. Likienda hilo, ile sauti yake ya juu itavujia pembeni, na Jumamosi bendi inapiga uwanjani. Daktari wa meno alikuwa mtaa wa pili tu. Wiki nzima Tarumbeta alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, uso kaugeuzia madukani.

— Sikiliza, mwanangu, — alianza Mama Birika, muuza kahawa, akimmiminia kikombe. — Sisi hatukubali upotee. Ukipuliza ile ya juu, hata mimi nasahau kudai chenji.

— Mimi nazima mashine, — alisema Kinyozi. — Kichwa cha mteja kiko nusu, nazima! Siwezi kunyoa huku roho imepaa.

Tarumbeta aliinamia kikombe. Alipenda kusifiwa, ila leo kila sifa ilimuuma kuliko jino.

— Basi dawa ni maji ya chumvi, — Kinyozi akaendelea, akitoa chupa. — Chumvi inamtunza samaki mwaka mzima, itashindwa na jino?

— Samaki huyo yuko hai? — aliuliza Wakili. Huyu ni mlinzi wa duka. Jina hilo alipewa kwa kuwa hajawahi kukubali kosa. Naye akatoa chupa yake, ya dawa ya kijani ya kusukutua. — Dawa ya moto ni moto. Hii ukiitia mdomoni machozi yanatoka. Machozi yakitoka, mdudu keshahama.

— Hamieni huko na ukali wenu! — Mama Birika alitoa ya tatu. — Hii ina floridi, haiwashi. Inalikaza jino. Marehemu mjomba wangu aliisukutua asubuhi na jioni, akazikwa na meno yote.

— Alikufa na nini? — aliuliza Wakili.

— Njaa. Aliogopa kuyachafua.

Tarumbeta alisukutua chumvi, akatema. Mama Birika akampa kahawa, sukari vijiko vitatu, asafishe ulimi. Akasukutua ya kijani, machozi yakamtoka, akatema. Kahawa tena, na sukari yake. Akasukutua ya floridi.

— Usiteme! — Wakili aliruka. — Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Mimi yangu nameza.

— Ndiyo maana unaongea bila kituo, — alisema Kinyozi. — Kwanza mnakosea wote. Mnamtibu mgonjwa, mnamwacha aliyemwambukiza. Tusukutue tarumbeta!

Hoja hiyo iliwapendeza hata wapinzani. Wakashika kulisifu tarumbeta lenyewe: lilivyowahi kuwanyamazisha walevi wawili, lilivyowahi kumtoa mama mkwe wa Wakili kitandani akiwa na homa. Wakawa wanabishana kama lijazwe chumvi au floridi, ndipo akafika mgeni, mtu wa makamo, amekuja kunyolewa ndevu. Alisikiliza kidogo, akauliza kwa upole:

— Samahani, jamaa zangu. Daktari amesemaje?

Kinyozi akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Mama Birika. Mama Birika akamtazama Tarumbeta.

— Si alikwambia wewe? — Kinyozi akamuuliza Wakili.

— Mimi nilidhani amekwambia wewe, — alijibu Wakili.

Mama Birika aliinamisha birika lake. Lilitoa matone, likakoma. Tarumbeta angeweza kutunga neno la daktari hapo hapo, nao wangelibishania mpaka giza.

— Sijaenda, — alisema. — Naogopa. Ile mashine yake naisikia tangu barabarani.

Benchi zima lilitafuta methali, ikakosekana. Kinyozi alivua aproni, akamgeukia mgeni.

— Kaka, ndevu zako zitasubiri?

— Zimesubiri wiki nzima. Nendeni.

Wakaenda wanne, Mama Birika mbele na birika tupu, Wakili nyuma kabisa, akilinda mtu asigeuke. Mlangoni kwa daktari, yule aliyezoea kusimama mbele ya uwanja uliojaa alimshika Kinyozi mkono kwa nguvu, wala hakuona haya.

Muuguzi aliwatazama wote.

— Mgonjwa ni nani?

Wakili alifungua kinywa, akakifunga.

— Ni mimi, — alisema Tarumbeta, akaachia mkono, akaingia.