Bi. Zuwena Pazi, Kigeuzi Chake na Mashaka Yangu

Bi. Zuwena Pazi anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia Kituo cha Nyaraka za Vijiji hapa Mkuza kwa miaka thelathini na miwili. Nimepewa ukurasa huu nimsifu. Aliyenichagua sijui alikuwa na nia gani, maana katika ofisi hii hakuna aliyemshuku Bi. Zuwena kama mimi, Dotto wa masijala.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mpiga chapa wa mihtasari ya mikutano ya vijiji vya Kibaha na Kisarawe. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walikwenda kozi ya wiki mbili wakarudi na vyeti. Yeye alirudi na maswali. Kufikia mwaka 2012 alikuwa amejifundisha kuandika programu, kwa vitabu alivyokuja navyo kazini vimefungwa kwenye khanga. Nilimwuliza kwa nini anavifunga, akasema vumbi. Sikuamini.

Programu aliyoitengeneza tuliiita kigeuzi. Makatibu wa vijiji hutuletea mihtasari ikiwa maandishi matupu, bila mapambo yoyote. Kigeuzi huyasoma na kuyageuza kuwa ukurasa wa HTML wenye vichwa, orodha na majedwali, ili mtu wa Soga au Ruvu aufungue kwenye simu yake. Mstari wa herufi kubwa unakuwa kichwa. Mistari inayoanza na kistari inakuwa orodha. Ilikuwa kazi safi, nami kazi safi kupita kiasi hunitia wasiwasi.

Machi mwaka jana wasiwasi wangu ulipata pa kukaa. Wananchi wa kijiji kimoja cha Kisarawe, ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kimepata mtandao wa uhakika, walilalamika kwamba muhtasari wao mtandaoni una mahudhurio, dua ya kufungua, hata chai na mihogo, ila maazimio hayamo. Azimio walilolitafuta liliagiza iachwe wazi njia ya kwenda kisimani, inayokatiza shamba la Yahya Pazi. Naam, Pazi. Ni kaka yake Bi. Zuwena, tumbo moja.

Mkurugenzi wetu, Bi. Adventina, aliniita akaniagiza nichunguze kimyakimya. Ikithibitika kwamba Bi. Zuwena amelifuta azimio, hataagwa kwa sherehe. Ataondoka kwa barua, na kila alichokiandika tangu aajiriwe kitatiliwa shaka.

Nikiri kwamba kazi hiyo niliifurahia. Nilijifanya nataka kufundishwa kigeuzi, nikakaa naye wiki tatu nikinakili kila alichokifanya. Kila swali alilijibu, kila faili alilifungua, wala hakuweka neno la siri mahali popote. Nikajiambia mtu asiyeficha kitu ni yule aliyekwisha kuficha. Hata chai aliyonimiminia sikuinywa mpaka aonje kwanza ya kwake.

Mwisho nikaenda Kisarawe kwa Mzee Seifu, katibu wa kijiji kile, mtu aliyehamia kwenye kompyuta na tabia zake zote za mashine ya taipu. Nilimwamkia, akanitolea nakala za miaka yote. Kila azimio alikuwa amelitanguliza na alama ya reli (#), ile iliyomo kwenye simu, kwa sababu kwenye taipu yake ndiyo iliyomaanisha namba.

“Azimio lisilo na namba ni maneno ya barazani tu, kijana wangu,” aliniambia.

Kumbe ndani ya kigeuzi, kwa desturi ya waandika programu, mstari unaoanza na alama hiyo huchukuliwa kuwa dokezo la mwandishi la kujikumbusha mwenyewe, nao huachwa usitokee kwenye ukurasa. Makatibu wengine hawakuitumia. Maazimio arobaini na matatu ya Mzee Seifu yalikuwa yamemezwa, likiwemo moja lililompa Yahya ushindi dhidi ya jirani yake. Hakuna mtu anayefuta uamuzi unaompa kaka yake shamba.

Nilimwekea Bi. Zuwena karatasi mezani, nikingoja amtupie mzee wa watu lawama. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

“Dotto mwanangu, kosa ni langu. Nilimpa Mzee Seifu sheria zangu, sikumwuliza za kwake.”

Niliona haya, na mpaka leo ninaona haya.

Mwaka wake wa mwisho kazini aliutumia kukisuka upya kigeuzi. Alizunguka kijiji kwa kijiji, akakaa pembeni ya kila katibu kumtazama anavyoandika, kisha akamtengenezea faili dogo la kanuni zake mwenyewe. Katibu Fadhila wa Ruvu huanza kila azimio kwa “Ikaamuliwa”, basi kigeuzi kikafundishwa “Ikaamuliwa”. Sisi wengine tulikuwa tumezoea kuwaambia makatibu wabadilike. Maazimio yote arobaini na matatu yalirudi, na lile la njia alilipeleka mwenyewe kwa kaka yake. Njia ya kisimani sasa iko wazi, ingawa Yahya hakumsalimia dada yake Ramadhani nzima.

Wiki iliyopita alinikabidhi kigeuzi, pamoja na kashata na tabasamu. Bila shaka nilikipekua mstari kwa mstari. Katika kila faili la kanuni nilikuta chaguo lenye jina langu: dotto = ndiyo. Likiwa ndiyo, chini ya kila ukurasa hutokea kiungo cha kufungua maandishi ya katibu kama alivyoyaandika, ili mwenye mashaka alinganishe. Nilijaribu kuweka hapana. Kigeuzi kiligoma kufanya kazi.

Juu ya chaguo hilo palikuwa na dokezo lake: “Dotto alikuja kunichunguza. Nilijua tangu siku ya kwanza. Kila msomaji apewe nafasi aliyoipata yeye.” Dokezo linaanza na alama ya reli, kwa hiyo halitokei kwenye ukurasa wowote. Ndiyo maana nimelinakili hapa.

Bi. Zuwena, Kituo kizima kinakushukuru. Upumzike vyema huko kwenu Kisarawe, uwe na afya, na Yahya akupokee mlangoni. Kigeuzi kiko mikononi mwangu, na dotto bado ni ndiyo.